Mbegu Saba kwa Kabugho

Unazitaka mbegu, Kabugho? Fungua kiganja.
Saba tu. Nyeusi, ngumu, zina pembe
kama vipande vya mirathi iliyogawanywa vibaya.
Usizichukulie kama maharage.

Mwaka wa kwanza nilizipenda kupita kiasi.
Nilichimba shimo la kufika magotini,
nikalijaza samadi ya mbuzi wa Bwambale,
maganda ya matoke, maji niliyooshea samaki wa Katunguru.
Nikazilisha kama mkwe aliyekuja mara ya kwanza.
Na zikanenepa!
Zikapanda matete, zikavuka kwenye kamba ya nguo,
zikalishika shati la marehemu mkono
ambalo bado nalifua, usiniulize kwa nini.
Majani mapana, ya kijani cha kujivuna.
Ua wote ulijaa; ua halikuwapo
hata moja.

Ulipita barabarani na kapu lako ukauliza,
"Mama Masika, hiyo sombe utaichuma lini?"
Nikacheka kwa meno ya mbele tu.

Kisha Nyamwamba ukashuka usiku.
Wewe ulikuwa kwa dada yako Bwera, hukuyasikia
mawe yakigongana gizani kama mabehewa
ya treni ambayo Kasese imeisahau.
Mto ulichukua jiko, ukachukua banda,
ukachukua bata aliyekuwa ameatamia.
Udongo wangu wote ulioshiba, ukaumeza.
Ukaniachia changarawe, mchanga wa kijivu,
na buti moja la mgodini, la mguu wa kushoto,
wala si la mume wangu. Nililipima.

Sikupanda kitu. Ungepanda nini juu ya mawe?
Nilikuwa napika kwa Ithungu, narudi kulala tu.
Wiki ya tatu nikaona, kando ya buti,
vijani viwiliviwili vilivyopasuka
kama mkia wa mbayuwayu.
Sikuvimwagia maji. Sikuwa na ndoo.
Vikatafuta vyenyewe pa kushika:
nondo za ukuta ulioanguka, waya, mguu wa kitanda.

Halafu asubuhi moja, saa kumi na mbili,
jua likiwa bado linapiga hodi upande wa Kamwenge,
natoka na mswaki mdomoni —
Kabugho!
Buluu. Buluu ya wino, koo jeupe,
tarumbeta juu ya tarumbeta, na hakuna sauti.
Nilihesabu mpaka mia na arobaini,
nyuki wakanivuruga, nikaacha.
Watoto wa shule walisimama wakachelewa.
Mwalimu alikuja na fimbo kuwafuata
akasimama naye.

Ndiyo maana nakuambia, kwa kuwa nakujua,
una mkono wa kulisha: uzuie.
Kwaruza kila mbegu kwa jiwe la mtoni
mpaka weupe wa ndani uchungulie,
uilaze usiku mmoja kwenye kikombe cha maji.
Mto ulinifanyia hayo bila kuniomba ruhusa.
Ifukie palepale itakapoishi; usiianzishie koponi
halafu uihamishe, mizizi yake
haipendi kuulizwa jambo mara mbili.
Iwe penye jua tangu asubuhi, udongo mkonda,
na kamba, basi, kamba tu.
Samadi yako wape migomba.

Hapana, siushukuru mto. Nani kakuambia?
Bata wangu alikuwa juu ya mayai kumi na moja.
Nakueleza habari za maua, si habari za Mungu.

Njoo uyaone kesho, lakini uwahi.
Kufika saa tano yameshajikunja
kama leso ya mtu aliyemaliza kulia,
na kesho yake si hayohayo yanayofunguka,
ni mengine.

Saba. Hesabu tena.
Naona sita.
Moja imekudondoka hapo kwenye changarawe.
Iache.