Kigingi Namba Saba

Asubuhi ya tatu nimefika na kamba, kopo la rangi nyekundu
na fomu ya kurasa kumi na nne:
Kituo cha Dharura, Suweiq.
Athari kwa mazingira. Athari kwa jamii.
Weka alama ya vema panapohusika.

Mahali pamechaguliwa Muskati, juu ya meza.
Kinyanyuko kimoja katika tambarare yote hii ya Batina,
mita nne juu ya wadi, na pembeni, kwa wino wa buluu:
ardhi tupu.

Tupu.
Basi mbona udongo umeshindiliwa, mgumu kama sebule?
Mbona miti mitatu ya ghafu ina mikwaruzo ya kamba,
yote kimo kimoja,
kimo cha shingo ya mbuzi?

Nilikuwa nikipima kwa hatua, na kuhesabu nahesabu
kwa lugha ya bibi yangu: thelathini na nane, thelathini na tisa...
"Arubaini," akamalizia mtu nyuma yangu.
Bi Ghalya binti Mselem, chupa ya kahawa kwapani,
goti moja bovu. Mamake kazaliwa Wete.

"Usiku ule wa kimbunga tulikuwa hapa watu mia mbili,
na ng'ombe tisa. Wangu alizaa pale unapokanyaga.
Hakuna aliyetupigia king'ora. Maji yalitutuma."
Akamimina kahawa, akanipa, akasubiri ninywe.
"Sasa mnajenga kimbilio juu ya kimbilio.
Sikatai. Lakini mkishazungusha ua,
ufunguo atalala nao nani?"

Nikapekua kurasa zote kumi na nne.
Kuna safu ya bundi. Kuna safu ya vumbi, ya kelele, ya mafuta ya jenereta.
Ya ufunguo hakuna.

Mchana nikamwaga maji yangu ya kunywa penye kigingi namba saba,
pale watakapojaza kifusi ili malori yapande.
Maji hayana adabu ya ramani:
yalipinda kushoto, yakashika mteremko,
yakaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha bati
cha Shafikul, mtunza ndimu, mtu wa Barisal.
Akacheka, akaokota kandambili zake.
Jina lake halimo katika orodha ya wakaazi.
Nikamwomba aniendelezee, herufi kwa herufi.

Jioni simu. Mhandisi Thuwaini:
"Ripoti lini? Fungu la fedha linafungwa Alhamisi."
Si mtu mbaya. Ndugu yake alichukuliwa na wadi
akiwa ndani ya gari, taa zinawaka.
"Kila siku unayoniongezea," akasema, "nahesabu mawingu."
Sikuwa na jibu. Ningesema nini?
Kuchelewa nako kunaua, na safu yake haimo.

Usiku nikaandika kwa mkono, nyuma ya ukurasa wa mwisho:
Kigingi namba saba kisogezwe hatua arubaini kaskazini.
Makalvati matatu chini ya njia ya malori, mapana, si ya kuonyesha wageni.
Ghafu zisikatwe; zina kazi.
Milango miwili isiyo na kufuli, mmoja uwe na mteremko wa goti bovu.
Zizi. Narudia, zizi: watu hawa hawatapanda bila ng'ombe wao,
na wewe utakuwa na vitanda vitupu na maiti bondeni.
Kibanda cha bati kihamishwe kwanza, kwa gharama ya mradi,
kabla ya lori la kwanza.

Sijui nani husoma nyuma ya ukurasa.

Alfajiri nikaking'oa kigingi mwenyewe,
nikahesabu kwa sauti, moja hadi arubaini,
nikakipigilia upya kwa jiwe.
Shimo la zamani nililiacha wazi.
Mbuzi mmoja akaja akalinusa,
akasimama kidogo,
akaenda kujikuna kwenye ghafu.