Mwandiko Mzuri

Usiku wa Alhamisi, Maabela. Eisi inakohoa.
Azzan kaweka filamu.
"Inahusu nini?" kauliza baba mkwe wangu.
"Wanawasaka Manazi, babu."
Bwana Muhenna akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza:
"Nazi haisakwi, mjukuu wangu. Nazi hukunwa."

Watu wanasema Kijerumani, maandishi ya Kiarabu
yanapita chini mbio kama sisimizi waliomwagiwa maji.
Macho ya mzee hayayakamati tena,
na Kiswahili cha Azzan ni cha kuombea chai.
Basi kufasiri kukawa kazi yangu;
kila alilosema mtu kule
lilipita kinywani mwangu kwanza.

Nikamwambia: huyu mwenye koti la mvua ndiye msakaji.
Ana picha moja kuukuu,
na nywele zilizomo pichani hazipo tena duniani.
Nikamwambia: yule fundi vinanda
anayewagawia watoto wa mtaa peremende,
ndiye wanayemdhania.
"Wamempata?"
Bado, baba.
Akatema kokwa ya tende kiganjani, akaitazama.

Hawana alama ya kidole. Hawana shahidi aliye hai.
Wana daftari, kurasa tisa za majina,
na namna mtu anavyokata herufi.
Msakaji kajifanya tarishi, kapiga kengele:
una kifurushi chako, tia sahihi hapa.
Kalamu ikashuka.
Kamera ikasogea mpaka wino ukawa mto.
"Wamempata?"
Wamempata, baba.

Kitini, mikono imefungwa, fundi vinanda
hakulia. Alisema neno, nami nikalifasiri
kabla sijalionja:
Mimi sikumgusa mtu. Nilikuwa karani tu.

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama aliyesikia jina la mtaa wake wa zamani.
"Na mimi," akasema. "Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.
Ndiyo maana walinichagua."

Eisi ikakohoa. Azzan yuko kwenye simu yake.

Sote tunaujua mwandiko huo.
Nusu ya Maskati imeolewa kwa mwandiko huo:
kadi za harusi, bahasha za Idi,
tarehe za kuzaliwa nyuma ya msahafu.
K yake mguu mmoja mbele, kama anayetaka kuondoka.
Nimeiona kwenye kadi yangu mwenyewe.
Nimeiona pia
(kikombe kikabaki hewani)
kwenye karatasi aliyoibandua mama mlangoni mwa boma,
kisiwani, mwaka ule,
akaikunja mara nane, akaishonea ndani ya mto,
akavuka nayo bahari:
majina kumi na saba, la kumi na moja Khelef,
kaka yake, fundi baiskeli,
aliyepandishwa lori na kandambili moja.

Nazi mbovu harabu ya nzima, husema watu.
Hawasemi ufanyeje ikiwa umeila miaka ishirini
kwenye wali, kwenye samaki,
ikiwa ndiyo iliyomshika mwanao mkono
akaandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Filamu ikaisha. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda,
meupe juu ya weusi, bila haraka.
Sikumpigia mtu simu. Nimpigie nani?
Nilikwenda chumbani kwa Azzan, nikarudi na kalamu ya shule
na bili ya umeme, upande usioandikwa.
"Andika, baba."

Mkono uliomwaga supu jioni nzima
ukatulia.
Akapiga mstari wa pembeni, umenyooka bila rula.
Akaweka moja. Nukta.
Akasubiri.

Kisha akaniinulia uso, mpole, na adabu zote za ofisini:
"Haya, bibi. Nisomee majina."