Bado Yuko Hewani

Pa Nhia Vang anakunja blanketi mara mbili,
analigongomea mlangoni kwa misumari minne
ili tanuri la kupasha nyumba joto lisisikike likikohoa.
Wapi! Vipindi mia mbili na vitatu,
limekohoa katika vyote,
na wasikilizaji wetu kumi na mmoja
wamelibatiza: Mgeni Wetu wa Leo.

Juu yetu ni Duluth, ni Januari.
Ziwa limeganda, usiku linalia kama mlango wa ghala.
Mimi fundi wa mabasi ya shule; vidole vyangu
huacha grisi kwenye kila ukurasa,
naye hunifokea: "Tollef, shika pembeni!
Hiyo si spana."

Podikasti nzima, miaka minne, katuni moja.
Karatasi ya kunyonya wino, bei ya chenji,
na shujaa ambaye hata mashujaa wenzake wangemsahau:
Taa-Tatu, mlinzi wa daraja,
taa moja kifuani, mbili viganjani,
na deni la nyumba.

Mwaka jana nilijifunga taa za baiskeli
nikaenda kwenye kongamano la mashabiki.
Mtoto mmoja akaniuliza kama mimi ni mti wa Krismasi.

Pa Nhia alijifunzia Kiingereza humo,
katika nakala iliyochanika ya kaka yake.
Insha yake ya kwanza darasani, sentensi ya kwanza:
"Hamtanizuia, enyi wana wa kutu!"
Mwalimu alimpa tisa kwa kumi.

Toleo la arobaini na moja, ukurasa wa mwisho.
Ameteleza.
Joho limepinduka, buti moja limechomoka,
maji bado yako mbali,
na kiputo cha maneno kinasema: "Mwambieni Odile kwamba—"

Basi. Kampuni ikafilisika.
Nilikuwa na miaka tisa. Kila Jumatano nilirudi dukani,
hadi muuzaji akawa anatikisa kichwa
kabla sijagusa kitasa.

Na ile anga! Kwa nini anga ya njano, njano ya haradali,
wakati kurasa zote za nyuma ilikuwa buluu?
Tuliikalia vipindi vitatu.
Yeye alisema sumu. Mimi nilisema kiama.
Msikilizaji mmoja wa Fargo alisema hivyo ndivyo
mtu anayeanguka anavyoiona dunia,
tukanyamaza karibu dakika nzima.

Kisha ikaja barua kutoka Thunder Bay,
mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa:
Verna Kolehmainen, miaka themanini na mmoja.
Ile anga niliipaka mimi, aliandika. Nipigieni.

Tukampigia, spika wazi, mashine ikirekodi.
"Buluu iliisha," akasema. "Ilikuwa Ijumaa,
na bosi alikataa kununua chupa nyingine."
Pa Nhia aliweka paji la uso mezani,
mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Nikamuuliza. Sauti ilinitoka ya yule mtoto wa Jumatano.
Na arobaini na mbili, mama?
Alipona?

Tanuri likakohoa.

"Mwandishi mwenyewe hakujua, mwanangu.
Alisema atafikiria wikiendi.
Jumatatu tukakuta mnyororo mlangoni.
Koti langu lilibaki ndani. Lilikuwa jipya,
lenye vifungo vya pembe."

Nilidhani nitakasirika.
Nilikuwa nikiliona lile koti msumarini,
likingoja, mikono yake imenyooka chini.

"Nyinyi je," akauliza, "mnadhani
alitaka wamwambie nini Odile?"

Tukajibu wote wawili kwa mkupuo, tukakatizana,
yeye akatucheka, akaleta wazo lake, baya kuliko yetu yote,
tanuri nalo likadakia,
na kitaa chekundu kinawaka mezani:
tuko hewani,
Verna wa vifungo vya pembe yuko hewani,
na yule wa buti moja,
chini ya anga ya Ijumaa, bado.