Koti la Kuazima

Jumamosi, saa nne, nyuma ya kanisa letu Kiboriloni:
watoto kumi na wanane wa kipaimara, mimi, na chaki.
Nikasema, leo kila mmoja aombe.
Wakasimama, wakafumba macho,
na sauti zao zikahama.

Eliawony, ambaye punde tu
alikuwa akicheka hadi kuegemea ukuta,
ghafla akapata koo la mchungaji wa miaka sitini:
"Ewe Mwenyezi uketiye mahali palipoinuka sana…"
Akafuata Ndeshi, vilevile.
Akafuata Godlisten, vilevile,
hata pumzi akaivuta pale pale alipovuta mwenzake.
Kumi na wanane, sala moja,
kama koti la sikukuu linalorithiwa na ndugu wote
na kila mmoja likambana kwapani.

Siwalaumu. Koti nilishona mimi.

Nikafuta ubao.
Nikawauliza: nani kati yenu akirudi nyumbani na njaa
humwambia mama, "Ewe mzazi uliyetukuka"?
Wakacheka.
Basi semeni kama mnavyosema.
Kichagga, ruksa. Kunyamaza, ruksa.
Hata kununa, ruksa;
zaburi ngapi zimeandikwa na mtu aliyenuna?

Kukawa kimya, kimya kirefu,
mpaka nikasikia mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara
na wauza mitumba wakitaja bei, wakishusha bei.

Ndipo Godlisten, macho wazi, anatazama viatu vyake:
"Mungu, baba yuko Mirerani tangu Pasaka.
Simu hapokei. Mwambie tu tupo.
Mwambie ng'ombe amezaa."
Akakaa. Alisahau amina,
na hakuna aliyemkumbusha.

Ndeshi akasema: "Sijui kama unanisikia.
Ila nimekuja."

Na Aikande, yule wa nyuma kabisa, asiyeongea,
akatoa mfukoni karatasi ya KCMC iliyokunjwa mara nne,
akaikunjua juu ya dawati,
akaisogeza mbele kidogo
kama unavyomsogezea mwalimu hesabu iliyokushinda.
Hakusema neno.
Nimefundisha miaka kumi na mmoja.
Sala ndefu kuliko ile sijaisikia.

Nilitaka kufunga hapo. Nilishaanza kukusanya madaftari.
Lakini Eliawony, mwenye koo la mchungaji,
akainua mkono:
"Na wewe, mwalimu?"

Na mimi.
Mimi mwenye daftari la maombi lililopigwa mistari,
miaka sita nimekuwa nikiliruka jina la kaka yangu
kama mtu arukaye mfereji asilowe.
Usiku wa kuamkia mazishi ya mama
aling'oa masale ya mpaka wa kihamba,
akayapanda hatua tatu upande wangu.
Hatua tatu. Migomba minne, mbuni mmoja mzee.
Kila jioni nikifika pale kwenye kusamehe
naharakisha, nasema kwa kinywa kisicho na meno.

Nikafumba macho.
Ile sauti ya mchungaji ikaja, imeshapigwa pasi.
Nikaiacha ipite.
"Mungu," nikasema, "sitaki."

Kumi na wanane wakangoja.
Ng'ambo, mashine ilizimwa.

"Anaitwa Ndelilio. Tumenyonya ziwa moja.
Sitaki. Nianzie wapi?"

Hakuna aliyejibu, wala juu wala chini.
Aikande akakunja karatasi yake, mara moja, mara mbili,
na tukatoka. Mlima ulikuwa umejifunika,
kama kawaida yake siku unapoutafuta.

Kwenye baiskeli yangu, limebanwa kwenye breki,
nikakuta jani moja la sale.
Sijauliza ni nani.
Limekaa dirishani jikoni, kwenye kikombe cha maji,
wiki ya pili hii, bado bichi.
Na mimi bado sijaenda.
Lakini nikifika pale kwenye kusamehe, sasa nasimama,
naliangalia,
na nikikasirika, nakasirika kwa sauti yangu.