Jaketi la Mwinshehe

Saa saba mchana, Mtaa wa Mkunguni,
lami inanata kwenye kandambili,
na Mwinshehe amesimama kibarazani kwangu
anataka jaketi la baridi.

Wateja wa madera wameangua kicheko.
Mimi nimechukua futi kamba.
Najua anakoshinda: ghala la kuku waliogandishwa,
Barabara ya Nyerere, mlango mnene kama wa benki,
nyuzijoto kumi na nane chini ya sifuri.
Anaingia na jasho la Dar mgongoni,
anatoka na chumvi ya barafu kwenye kope,
anaingia tena.
Mara arobaini kwa zamu moja.

"Liwe jepesi," anasema. "Nabeba maboksi,
sitaki kubeba na koti.
Na lidumu. La mwaka jana lilikufa kabla ya masika."

Amekuja na maiti yenyewe.
Nimeifumua ubavuni kwa wembe:
pamba ya bandia imejikunyata kwenye pindo
kama panya aliyekosa njia,
na mabegani hamna kitu,
bitana na nailoni zinasalimiana ana kwa ana.

Usiku nimefunga duka, nimewasha feni,
nimepanga vijazo mezani.

Manyoya ya bata, kutoka koti la mtumba
lililopasuka kwenye robota.
Feni ikayarusha mpaka darini.
Wepesi ule! Nikamwita Sikudhani aje aone.
Kisha nikayachovya ndooni
yakalala, yakanuka banda, yakawa uji.
Ajabu ya Mungu: bata anaelea,
manyoya yake yanazama.
Na Mwinshehe ni mtu wa jasho.

Sufi ya mto wa marehemu mama
niliijaribu kwa huruma tu.
Ikanipa chafya tatu na kumbukumbu moja.
Nikaushona mto, nikaurudisha kitandani.

Zikabaki polista mbili za dukani kwa Hirji.
Moja ya nywele fupi fupi,
imevimba kama andazi la kwanza,
ukiibonyeza inakuchekea.
Ya pili uzi mrefu, haukatiki,
umejikunja juu ya mgongo wake mara elfu;
ghali, nzito kidogo, haina maneno mengi.

Nikazifua mara kumi kwa sabuni ya unga,
nikazikamua kama nina ugomvi nazo,
nikazilaza siku tatu chini ya kichwa cha cherehani,
kile cha chuma, cha zamani.

Andazi likatoka chapati.

Ile ya pili ikakaa kimya.
Nikachemsha chai, nikanywa, nikasahau.
Nilipogeuka ilikuwa imeinuka.
Si yote, Mwinshehe, sitakudanganya:
ilikwenda chini ikiwa unene wa vidole viwili,
ikarudi kimoja na nusu.
Lakini hiyo nusu ilipotea mara moja tu.
Nilipoirudisha chini, haikupungua tena.

Akaniuliza, "Kwa hiyo huu uzi ndio wenye joto?"
Hapana, ndugu yangu. Joto ni lako,
la ugali uliokula na maboksi uliyoinua.
Uzi ni bawabu, anaishika hewa mkono
isitoroke na mali yako.
Bawabu akilala, umeibiwa.

Ndiyo maana sikulichora mistari mingi kifuani
ingawa Sikudhani alisema lingependeza.
Kila tundu la sindano ni dirisha.
Nimeshona kwapani, mabegani, kiunoni, basi.

Amelipa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi.
Amelivaa palepale juani,
amefunga zipu mpaka kidevuni,
jasho linamtiririka, halivui,
na wateja wa madera wamecheka mpaka wamekaa chini.

Kipande kilichobaki sikukitupa.
Kiko bado chini ya chuma cha cherehani.
Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha,
nakitoa, nakiweka mezani,
nakipimia kidole, nasubiri
nione kama leo nacho kitaamka.