Kanisa la Mataruma

Daftari la kwanza mchwa wamelila hadi ukurasa wa nne.
Wa tano umesalia: majina saba kwa wino wa kasisi,
vidole gumba sita, na msalaba mmoja uliolala upande,
wa Nashon Amukoya, mpiga nyundo wa reli, babu yake mama.
Hakujua kuandika. Alijua kupima kwa jicho.

Mataruma yaliyokataliwa na karakana
aliyabeba begani, Jumamosi baada ya Jumamosi,
mpaka Muthurwa. Ndiyo maana jua likichoma
mimbari hunuka lami, na wageni huuliza kuna nini.

Kengele yetu ni kipande cha reli.
Kililia kwa ubatizo, kwa maziko,
na alfajiri ile askari walipowapanga wanaume uani
kililia chenyewe, walivyosimulia; nani angemtaja mgongaji?
Ukurasa wa mwaka huo haukuliwa. Ulichanwa.

Mimi sasa ndiye mwenye ufunguo.
Naweka ndoo panapovuja, palepale alipoiweka mama.

Jumanne walikuja vijana wa barabara, rangi nyekundu, brashi pana.
Hodi hawakupiga. Wakachora ukutani mistari miwili iliyokatana.
"Ni alama tu, mama," mmoja akasema, akifunika mkebe.

Nikaitazama. Ilikuwa imelala upande.
Nikaenda kulileta daftari, nikalifungua dirishani,
ukurasa wa tano, nikalinganisha mkono na mkono.
Kisha nikaishika nyundo
nikakigonga kipande cha reli
hadi majirani wakatoka na sabuni masikioni, wakiuliza
Jumapili imeingiaje leo.