Anaomba Mvua

Dokta Rugaimukamu alinilipa kwa siku,
na siku ya mwisho akaniachia buti zake,
pea nzuri, zinapwaya kidogo vidoleni.
Kazi ilikuwa nyepesi: mama aseme Kinyakyusa,
mimi niseme Kiswahili, mashine izungushe utepe.

Alitaka kujua tunavyosema na waliolala.
Mama akatandika jani la mgomba nyuma ya nyumba,
akachota maji kwa kibuyu, akajaza mashavu,
halafu akayameza. Hakupuliza.

"Mbona kameza?" Kalamu ya Dokta iko juu.

Kwetu mtu hapulizi maji ya baraka
na neno limemkaa kooni.
Alitoe kwanza, alitaje watu wakisikia,
ndipo maji yapite.

Basi mama akalitaja.
Nina mtoto, akasema, anauza makaburi kwa siku.
Jumapili anafunga tai, anaketi benchi la mbele Moravian,
anaona haya kusimama nami hapa.
Leo kwa fedha kaniletea mgeni
aninyooshee chuma mdomoni.
Akaniita kwa jina la babu,
ambalo hakuna aliyenitamkia tangu nibatizwe.

Nikakohoa.
Nikasema, "Anaomba mvua."

Dokta akaandika.
Mama akanitazama. Kiswahili alikisikia
kuliko nilivyodhani; maharage aliuza Tukuyu
miaka ishirini, na hakuwahi kupunjwa chenji.
Akajaza mashavu tena, akapuliza:
ukungu mdogo, ukatua kwenye shati langu,
kwenye mashine, kwenye miwani ya Dokta.

Kitabu kimefika mwaka huu. Mama hayupo.
Ukurasa wa mia moja na kumi na nne:
mtoa habari wa tisa anaomba mvua.

Mvua! Mwakaleli!
Ambako kanga hukaa kambani wiki nzima
na kiberiti twakilaza kifuani kama mtoto!
Dokta, miezi minne ulitembea chini ya mwavuli.
Hukushangaa hata kidogo?

Alfajiri nimetoka nyuma ya nyumba.
Migomba inadondosha. Buti zimepasuka soli,
lakini ndizo nilizonazo.
Nimejaza mashavu, kisha nikakumbuka utaratibu,
nikayameza. Baridi mpaka tumboni.

Natafuta neno lenyewe, lile la kwetu,
na kila ninalolishika
linakuja limeshatafsiriwa.